Kamera ya Kiboko

Lenzi alimtambua kwa kisogo. Mwanamume alikuwa ameinama mbele ya kabati la vioo akitazama kamera za michezo, na shingo ile iliyobabuliwa na jua hakuweza kuifananisha na ya mtu mwingine. Miezi kumi na minne alikuwa amejiapiza kwamba siku akimwona atampita kama anavyopita nguzo ya umeme. Sasa kamwona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kujishika nywele kuona kama zimekaa sawa. Moyo hauna adabu.

"Karibu, nikusaidie?" akasema, kwa sauti anayowasemesha wateja wote.

Mwanamume akageuka. Watu wa ziwani walimwita Kiboko, si kwa unene, maana alikuwa mwembamba, bali kwa vile kutwa alikuwa majini. Kazi yake ilikuwa kufundisha mchezo wa ubao: mtu anasimama juu ya ubao, anavutwa kwa kamba nyuma ya boti, na akilifikia wimbi la boti anaruka. Kiboko aliruka kuliko wote. Na kwa miaka miwili aliyekaa nyuma ya boti, kamera mkononi, akimpiga picha kila anaporuka, alikuwa Lenzi. Kiboko ndiye aliyempa jina hilo la Lenzi, na hata hapa dukani bosi na wenzake walilichukua.

"Lenzi," Kiboko akasema taratibu, kama mtu anayeonja chakula alichokikosa siku nyingi.

"Unatafuta kamera ya aina gani?"

"Hata salamu?"

"Habari yako. Unatafuta kamera ya aina gani?"

Kiboko akacheka, cheko lile lile linaloanzia jicho la kushoto. Lenzi akatazama pembeni.

"Ya majini. Nataka kuifunga kichwani nikiwa kwenye ubao. Ya zamani imekufa, haikamati kitu."

Hapo kazi ikamsaidia Lenzi. Kwenye kazi hakuwa na mzaha, na mtu aliyeshika kazi yake anaweza kujikaza hata moyo ukiwa unamwenda mbio. Akafungua kabati, akatoa kamera tatu, akazipanga juu ya kitambaa.

"Hii ya kwanza wengi wanaipenda kwa sababu kioo chake ni kikubwa. Lakini inaendeshwa kwa kugusa kioo, na kidole kikilowa haikusikii. Utabaki unaipapasa kama kipofu. Iache. Hii ya pili picha zake zimetulia, hata ukitikisika kiasi gani, ila betri ikipata maji ya baridi inakata haraka."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ina kitufe kikubwa juu, unakihisi hata ukiwa na glovu. Ukibonyeza kuwasha inatetemeka mara moja, ukizima inatetemeka mara mbili. Inaona upana, kwa hiyo ubao, kamba na boti vyote vinaingia. Unaifunga na kamba ya usalama, ikikuchomoka kichwani isizame."

"Bado unajua kunichagulia."

"Nakuchagulia kamera."

Kiboko akaichukua ile ya tatu, na vidole vyao vikagusana. Kama ni bahati mbaya au makusudi, Lenzi hakutaka kujua. Akautoa mkono wake upesi, akauficha chini ya meza.

Duka lile lilikuwa na desturi zake. Bosi, mzee mmoja aliyewahi kurudishiwa kamera iliyojaa maji kama birika, alikula kiapo kwamba hakuna kamera ya majini itakayotoka mlangoni kwake bila kujaribiwa. Kasha lake la kuzuia maji lilijazwa tishu, likafungwa, likafungiwa jiwe na kuzamishwa kwenye ndoo kwa dakika ishirini. Tishu ikitoka kavu, mteja anaruhusiwa kwenda zake. Lenzi naye alikuwa na desturi yake mwenyewe. Hakuwahi kumuuzia mtu kamera kabla ya kuona picha alizopiga na ya zamani, kwa sababu mara nyingi mbovu si kamera, ni mkono.

"Ya zamani umekuja nayo?" akauliza, akizamisha kasha kwenye ndoo.

"Iko kwenye begi. Sijaigusa tangu siku ile." Akaitoa, imepasuka kioo, na kuiweka mezani. "Siku nzima niliruka nayo, nilipofika nyumbani sikukuta mruko hata mmoja. Nikaitupa kwenye begi. Siku yenyewe ilikuwa mbaya mara mbili."

Lenzi hakuuliza ni siku gani. Aliijua. Jioni ya siku hiyo Kiboko alimfuata kwenye kituo cha basi, macho mekundu, akamwambia, "Mama yako amenifukuza. Kasema hataki kuniona. Siwezi kuingia kwenye ukoo usionitaka." Lenzi alikimbia nyumbani akiwa bado haamini. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anashona suruali ya mtu, na hakuinua hata kichwa. "Ndiyo," alisema. "Nimemkataa." Wiki hiyo hiyo Lenzi alihamia chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, na tangu hapo hakumpigia mama yake wala kupokea simu zake. Alipokutana na mjomba wake sokoni alimwomba asimtajie jina la mama.

"Keti basi," akasema. "Ni dakika ishirini."

Kiboko akaketi. Akaangalia kama bosi yuko karibu, kisha akainama mbele.

"Sikuja kwa kamera tu, Lenzi."

"Sema."

"Nimepata kazi. Hoteli moja kubwa, mbali na hapa, iko kando ya ziwa kabisa. Wananipa boti mbili, nyumba ndogo, na wageni wa kufundisha. Ninaondoka Jumamosi." Akameza mate. "Nataka twende wote."

Lenzi alisikia damu ikimpanda hadi masikioni. Mara ngapi usiku alikuwa ameyatunga maneno hayo kichwani na kumwekea mdomoni? Alikuwa ameyatunga kwa namna nyingi, na kila mara yeye alikataa kwanza kwa maringo, ndipo akakubali. Sasa maringo yote yalimtoroka.

"Nije kama nani?"

"Kama wewe. Kama zamani. Mimi kwenye ubao, wewe nyuma ya boti. Wale watu waliona video zako za zamani ndipo wakanitafuta. Wanataka nyingine kama zile, za kuvuta wageni."

"Kwa hiyo ni hoteli inayonitaka."

"Usinigeuzie maneno. Ni mimi ninayekutaka." Akashusha sauti. "Sijapata mwingine. Nilijaribu, sitakudanganya, lakini nikiruka natazama nyuma ya boti, na hayupo mtu. Mimi sikukuacha, Lenzi. Tuliachanishwa. Kama si mama yako, leo tungekuwa na mtoto anatambaa. Na ungefanya vizuri usimwambie kitu. Akijua ataleta yale yale. Mpigie tukishafika."

Lenzi alimtazama mikono. Aliijua kila sugu iliyotokana na kamba. Wakati mwingine, boti ikirudi, alimshika mikono hiyo na kuipuliza, naye alijifanya inauma zaidi ya inavyouma ili asiiachie. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na kitanda kimoja, jiko moja na kiti kimoja. Hakununua cha pili kwa sababu hakutarajia mgeni. Angekosa nini hapa? Akaona atamuaga bosi, atafunga begi, na mama ataendelea na cherehani yake kama alivyochagua.

Neno "sawa" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalizuia, si kwa busara, bali kwa maringo kidogo tu yaliyokuwa yamesalia.

"Ngoja kwanza niangalie ugonjwa wa hii ya zamani," akasema. "Nisije nikakuuzia nyingine ukaiua vilevile. Nitakujibu kasha likitoka."

Kiboko akatabasamu. Alimjua, na alijua jibu. Akainuka kwenda kujaribu mikanda ya kichwani mbele ya kioo, akimtania bosi kuhusu ndoo yake.

Lenzi akachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera ya zamani, akaiingiza kwenye kompyuta, akavaa spika za masikioni. Video zilikuwa saba, zote za siku ile. Akafungua ya kwanza. Ilionyesha sakafu ya boti, miguu ya Kiboko, na chupa ya maji ikibingirika. Ya pili ilionyesha mbao za gati na taulo. Hakukuwa na ubao wala mruko. Akatabasamu peke yake. Ugonjwa huu alikuwa ameuona kwa wateja wengi: mtu anabonyeza kitufe mara moja asubuhi kujaribu, anasahau, na kuanzia hapo mambo yanageuka. Akidhani anawasha, anazima. Akidhani anazima, anawasha. Kamera inalala wakati yeye anaruka, na inakodoa macho wakati amepumzika.

Akafungua ya tano ili amalizie.

Picha iliyumba, kisha ikatulia. Kiboko alikuwa amevua kofia ngumu yenye kamera na kuiweka kwenye benchi la gati. Sauti mwanzoni ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Maji yalipochuruzika ikatakata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Tabasamu likamkauka Lenzi. Kwenye kioo aliingia mama yake. Alikuwa anakanyaga mbao za gati moja baada ya nyingine, viatu mkononi, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Mama yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusogelea ziwa karibu kuliko barabara, kwa kuwa maji yalimtia kizunguzungu. Gati liliyumba, naye akashika nguzo kwa mikono miwili.

"Kaa, mama, utaanguka."

"Sikai. Nikikaa sitainuka." Akavuta pumzi. "Nimekuja na yeye hajui. Nilikusema vibaya nyumbani, najua ulisikia. Nilisema mtu wa kuchezea maji si mume. Nilikosea. Mtoto wangu hali vizuri, analala amekumbatia simu. Nimeongea na kaka yangu, mjomba wake. Yuko tayari kukupokea Jumapili. Njoo na mtu mzima mmoja tu, hata jirani. Hatutaki makuu."

Kiboko akatazama boti. Maji yalimdondoka kwenye nywele hadi juu ya mbao.

"Umenisikia, mwanangu? Nimesema nimekubali."

"Nimesikia, mama. Nashukuru." Akajikuna shingo. "Ila mimi sijafika huko."

"Hujafika wapi?"

"Kwenye kuoa. Mtoto wako hana kasoro. Tunaelewana, ananisaidia kwenye picha. Lakini mambo ya wajomba, mambo ya ndoa... kwa kweli sikuwaza hivyo."

"Miaka miwili hukuwaza?"

"Sikuwaza naye hivyo."

Mama aliitazama miguu yake mitupu. Lenzi, upande huu wa kioo, akaongeza sauti.

"Basi mwambie," mama akasema. "Leo hii. Asiendelee kungoja."

"Nikimwambia hivyo nitamuua. Mwambie wewe umenikataa. Si anajua hunipendi? Ataamini. Atanuna siku mbili tatu, atakusamehe. Wewe ni mama yake."

"Yaani unanitwisha mimi mzigo wako?"

"Itamuuma kidogo kuliko hivi, mama. Fikiria."

Na mama akafikiria. Upepo ulipeperusha ncha ya futi, akaishika na kuizungusha kidoleni, akaizungusha tena.

"Sawa," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Akinichukia mimi, angalau ataamini kuna mtu alimpenda. Akilijua hili lako, atajichukia mwenyewe. Ila niahidi kitu kimoja. Usimrudie. Hata siku moja."

"Naahidi, mama."

Mama akageuka na kuondoka kwa hatua zile zile za kunyata. Kiboko akabaki amesimama. Halafu akaanza kupiga mluzi, akachukua kofia, akaivaa na kubonyeza kitufe. Picha ikakatika.

Lenzi alivua spika za masikioni. Duka lilikuwa vilevile: bosi anaandika risiti, feni inazunguka, Kiboko yuko mbele ya kioo amefungwa mkanda kichwani. Simu ngapi za mama alikuwa amezikata? Mara ngapi alikuwa ameiona namba ile ikiwaka na kusema kimoyomoyo, wacha apige hadi achoke?

"Vipi, ina ugonjwa gani?" Kiboko akauliza, akija na tabasamu lake.

"Haina ugonjwa. Kitufe ulikigeuza. Ukidhani umewasha, umezima. Ukidhani umezima, umewasha."

"Acha bwana!" Akapiga paja, akacheka. "Siku nzima? Sasa ilirekodi nini?"

"Kila ulichofanya ukiwa nje ya maji."

Kiboko aliendelea kucheka kidogo, kwa mazoea tu. Kisha cheko likapungua. Akatazama kompyuta, akatazama mbao za gati kwenye picha iliyoganda, akamtazama Lenzi. Mkanda bado ulikuwa kichwani.

"Lenzi."

"Uliniambia amekufukuza."

"Niliogopa. Nilikuwa kijana, watu wananiletea wajomba..."

"Ulikuwa kijana mwaka jana?"

"Sikujua nilichokuwa nacho. Sasa najua. Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja kwa sababu hoteli wameziona video zangu. Kama wangependa za mtu mwingine, ungekuwa kwa huyo mtu sasa hivi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na alishangaa kwamba haitetemeki. "Na hilo ningekusamehe, unajua? Ningekwenda. Jibu lilikuwa hapa mdomoni. Kutonipenda si kosa, Kiboko. Moyo haulazimishwi. Lakini umeketi kwenye kiti kile, muda mfupi tu uliopita, ukanisimulia mama yangu alivyotuachanisha. Ukaniambia niondoke bila hata kumuaga."

Kiboko akauvua mkanda kichwani. Kwa mara ya kwanza Lenzi aliona kwamba jicho lile la kushoto, likiwa halicheki, halikuwa na lolote la ajabu.

"Ifute," Kiboko akasema. "Tafadhali. Haimsaidii mtu."

"Kadi inabaki. Mama yangu yumo."

Akaenda kwenye ndoo, akatoa kasha, akalifuta maji na kulifungua. Tishu ilikuwa kavu. Akaifunga kamera kwenye boksi lake pamoja na kamba ya usalama na betri ya akiba, akamwelekeza tena kwa ufupi: ikitetemeka mara moja imewaka, mara mbili imezima, na lenzi isuuzwe kwa maji safi kabla haijakauka. Bosi alikuja kupokea malipo na kumpa mteja mkono. Kiboko alisimama mlangoni na mfuko wake, akangoja kidogo. Lenzi alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Saa ya mapumziko alijifungia stoo, katikati ya maboksi, akaketi sakafuni. Akaitafuta namba. Simu iliita mara moja tu.

"Haloo?" Nyuma ya sauti cherehani ilikuwa inakimbia. "Haloo, nani?"

"Mama, ni mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Kuna nini? Unaumwa? Uko wapi?"

"Siumwi, mama. Niko kazini." Akafumba macho. "Nataka kukuuliza kitu. Yule mtu. Ulimkataa kwa nini?"

Upande wa pili mkasi uliwekwa mezani.

"Si nilishakwambia? Hakunipendeza."

"Alisemaje ulipomkataa?"

"Alisikitika sana." Mama akakohoa, kama mtu anayetafuta nyuzi za kuunganisha. "Aliniomba sana, mwanangu. Alisema anakupenda, na machozi yalimtoka. Mimi ndiye nilikuwa na roho ngumu. Kila siku najilaumu. Yeye alikutaka kwa moyo wote, hilo usilitilie shaka kamwe."

Lenzi aliuma kiganja chake ili asisikike. Angeweza kusema, mama, nimeona. Maneno mawili tu. Lakini aliisikia sauti ile, jinsi ilivyokuwa ikipiga hatua kwa uangalifu, ikihofia kuanguka, na akaelewa kwamba akiyasema atakuwa amemwambia mama yake kuwa miezi yote ile ilikwenda bure, kwamba kile alichokificha kwa gharama ya kumpoteza mtoto wake hakikufichika.

"Mwanangu? Uko hapo?"

"Niko."

"Nisamehe. Najua nimechelewa, ila nisamehe."

Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Akayafuta kwa mkono wa shati, akajikohoza ili sauti ikae sawa.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Na mama yake, ambaye hakuwa na kosa hata moja, akaanza kulia na kumshukuru.